Maneno Yaliyo Chini ya Uso

Ndugu Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa sanaa, na nyinyi wageni mlioamua foleni ya jioni iwapite mkaja kukaa hapa, nawashukuru. Nimeombwa nizungumze juu ya picha za uso zilizochapwa Ulaya katika zama za Renesansi, na hasa jinsi watu walivyozitumia kujipatia hadhi. Sikusomea historia ya sanaa. Mimi ni mtu wa mashine. Kwa miaka thelathini nimechapa kadi za harusi, kalenda, vitabu vya risiti na mabango ya wagombea, na haya nitakayosema niliyafikia kwa mlango wa uani, kupitia wateja.

Mteja akija na picha ya kuwekwa kwenye kalenda, mnadhani tunagombania nini? Picha yenyewe anaitazama mara moja, anasema sawa, labda umng'arishe kidogo. Ugomvi unaanzia chini ya picha. "Hapo umeandika Ndugu, andika Mheshimiwa." "Umesahau Alhaji." "Hiyo Dkt. itangulie." Niliwahi kurudia bango zima mara nne kwa sababu ya herufi tatu na nukta. Kwa hiyo nilipoanza kuzitazama chapa za kale za Ujerumani, macho yangu hayakwenda kwenye pua na ndevu kama ya wataalamu. Yalishuka moja kwa moja kwenye maandishi. Na huko chini, jamani, kuna mambo.

Tuanzie mji wa Nuremberg, mwaka 1493. Mwaka huo kilitoka kitabu kikubwa cha historia ya dunia, kilichoandaliwa na tabibu Hartmann Schedel na kuchapwa na Anton Koberger. Kina picha 1,809, lakini mbao zilizochongwa ni 645 tu. Fundi yeyote wa chapa akisikia hesabu hiyo anacheka, maana anajua kilichofanyika. Ubao mmoja wa mfalme mwenye ndevu umetumika kwa mfalme huyu, kisha kurasa kadhaa mbele umetumika tena kwa mwingine aliyeishi karne nyingine kabisa. Wasomaji walikizoea. Uso ulikuwa alama ya cheo: ukiona taji, huyo mfalme, ukiona kofia ya ngazi tatu, huyo papa. Kilichobadilika ni jina.

Sasa ruka miaka ishirini na sita, ubaki mji uleule. Yupo fundi anayeitwa Albrecht Dürer. Baba yake ni sonara, baba yake wa ubatizo ni Koberger huyohuyo, na kazi amejifunza kwenye karakana ileile iliyochonga mbao za kitabu cha Schedel. Mwaka 1519 anachonga kwenye bamba la shaba uso wa mtu mmoja, mwenye kidevu cha mviringo, mashavu yaliyojaa, macho mazito kama ya mtu aliyekula akashiba. Ni uso ambao huwezi kuuhamishia chini ya jina jingine.

Kabla sijamtaja mtu huyo, niwape dakika mbili za ufundi, maana bila hizo hamtaona ujanja uko wapi. Chapa za wakati ule zilikuwa za aina mbili kubwa. Kwenye ubao, fundi huchimba na kuondoa pasipotakiwa, mistari ikabaki imesimama kama mhuri wa ofisini. Ubao huo unaweza kupangwa pamoja na herufi za risasi na kuchapwa kwa mkupuo mmoja, tena nakala nyingi sana. Kwenye shaba ni kinyume chake. Mstari huchimbwa ndani ya bamba kwa kalamu ya chuma, wino ukajazwa kwenye mifereji, uso wa bamba ukafutwa safi, karatasi iliyoloweshwa ikalazwa juu, halafu vyote vikapitishwa kati ya magogo mawili yanayobana. Mstari wake ni mwembamba kama unywele, ila shaba huchoka upesi. Baada ya mamia kadhaa ya nakala, kijivu cha shavu kinaanza kufifia. Kwa njia zote mbili picha hutoka imegeuka, kwa hiyo maandishi hukatwa kinyumenyume, herufi kwa herufi. Hakuna neno linaloingia pale kwa bahati mbaya. Kila herufi ni jasho la mtu.

Haya, huyo mwenye mashavu ni Albrecht wa Brandenburg. Ana miaka 29. Ni Askofu Mkuu wa Magdeburg, tena wa Mainz, tena mmoja wa wakuu saba wenye kura ya kumchagua Kaisari, mtawala wa dola ya Ujerumani ya wakati ule, na kofia ya ukardinali ameipata mwaka uliotangulia, 1518. Vyeo hivyo havikupatikana bure. Alikopa kwa akina Fugger, matajiri wa Augsburg, na deni likalipwa kwa kuuza vyeti vya rehema, yaani karatasi za Kanisa za kupunguziwa adhabu ya dhambi. Ndivyo vyeti vilivyomfanya mtawa mmoja wa Wittenberg aandike hoja 95 mwaka 1517 na kumpelekea Albrecht huyuhuyu nakala. Kwa hiyo anapokaa mbele ya Dürer ni kijana mwenye vyeo vingi, madeni mengi na jina linaloanza kunuka.

Chini ya uso wake kumejazwa vyeo vyote, vimekatwakatwa kwa vifupisho ili viingie: kardinali wa Kanisa la Roma, wa Mainz, wa Magdeburg, mchaguzi wa dola, msimamizi wa Halberstadt, mwana wa ukoo wa Brandenburg. Mteja wangu wa kalenda angeridhika kabisa. Nembo imekaa pembeni, na juu yake kofia ya kikardinali yenye vishada. Hayo ni ya kawaida.

Kilichonisimamisha ni mstari mwingine, mfupi. Kwa Kilatini unasema: hivi ndivyo yalivyokuwa macho yake, hivi mashavu, hivi kinywa. Ni maneno ya Virgil, mshairi wa Warumi wa kale, kutoka shairi lake la safari za Enea. Anayeyasema pale ni Andromake, mjane wa Troya, akimtazama mtoto wa watu na kumkumbuka mwanawe aliyeuawa. Kwa Virgil ni macho, mikono na kinywa. Kwenye bamba la Dürer, mikono imeondolewa yakawekwa mashavu. Kwa nini? Kwa sababu picha inaishia kifuani, mikono haionekani! Mtu alikaa akafikiri: tusiseme uongo, tubadilishe neno moja. Na neno lililowekwa lina silabi mbili, fupi kisha ndefu, kama lililotolewa, hivyo mizani ya shairi haikuvunjika. Nimefanya kazi na wahariri wengi, na wa kiwango hicho sijampata.

Tena angalieni wakati wa kitenzi. "Yalivyokuwa." Kijana wa miaka 29, mzima wa afya, anaandikiwa kana kwamba ameshazikwa. Picha iliyochapwa ilitazama upande wa watakaokuja. Hapo ndipo naona tofauti yake na picha ya rangi inayotundikwa ukumbini. Ile ya ukumbini inawatisha wanaoingia nyumbani kwako leo. Ya karatasi inakwenda usikokwenda, na inabaki ukiondoka.

Biashara yenyewe ilikuwaje? Tunayo barua ya Dürer ya mwaka 1520. Alimpelekea Kardinali bamba lenyewe pamoja na nakala 200, naye akapewa florini 200 za dhahabu na dhiraa 20 za kitambaa cha damaski kwa ajili ya joho. Fikirini maana ya bamba kuondoka karakanani. Fundi hawezi tena kuchapa nyingine akaziuza sokoni. Uso umerudi mikononi mwa mwenyewe, na ni yeye atakayeamua nani apate. Mwaka uleule uliwekwa mwanzoni mwa kitabu kilichoorodhesha masalia ya watakatifu aliyoyakusanya Halle. Miaka mitatu baadaye akachongewa mwingine, wa upande mmoja kama uso wa Kaisari kwenye sarafu ya Kirumi, na safari hii zilipelekwa nakala 500. Dürer akakaa akisubiri. Septemba 1523 akaandika kwa unyenyekevu mwingi kwamba bamba na nakala alishazipeleka, mbona hajasikia neno, je, hazikupendeza au hazikufika? Mafundi wenzangu mliomo humu, barua hiyo mmeiandika mara ngapi?

Wakuu wengine nitawapitia haraka, isipokuwa Kaisari Maximilian, kwa sababu yeye aliielewa karatasi kuliko wote. Alikuwa kaisari asiye na fedha. Warumi wa kale walijijengea matao ya ushindi ya mawe. Maximilian akajijengea la karatasi. Lilichapwa kwa mbao zaidi ya 190, karatasi zikaunganishwa zikafika urefu wa mita tatu na nusu, na toleo la kwanza lilikuwa nakala 700. Miji na wakuu walipelekewa kama zawadi, wabandike ukutani. Katika kitabu cha maisha yake alichokisimamia mwenyewe kuna maneno haya: asiyejitengenezea kumbukumbu akiwa hai, hana kumbukumbu akishakufa, na mtu huyo husahauliwa pamoja na mlio wa kengele. Juni 1518 Dürer alimchora kwa mkaa mjini Augsburg, juu katika chumba chake kidogo cha kasri. Januari 1519 Kaisari akafa. Mchoro ukageuzwa chapa ya ubao, na kwenye maandishi likaingia neno ambalo Warumi waliwapa makaisari waliokwisha kufa na kuhesabiwa miungu. Chapa ilitakiwa mno hata ikachongwa kwenye ubao zaidi ya mmoja.

Sasa tuje kwa watu ninaowapenda: wasio na taji wala jimbo.

Mwaka 1524 Dürer alimchonga rafiki yake mkubwa, Willibald Pirckheimer, mwanazuoni na mtu wa ukoo wa kitajiri pale Nuremberg. Ndiye aliyemkopesha fedha za safari ya Venice. Chapa hii haibembelezi. Pua imepinda, shingo imejificha ndani ya kidevu, joho lina manyoya shingoni. Chini imeandikwa kwa Kilatini kwamba mtu huishi kwa akili yake, mengine yote ni ya mauti. Nyama zote zile, halafu sentensi hiyo! Naye alizibandika nakala ndani ya vitabu vyake, kama sisi tunavyopiga mhuri wa jina kwenye jalada. Uso wake ukawa alama ya mali yake.

Miaka miwili baadaye, 1526, zinatoka mbili kwa mpigo: Philipp Melanchthon, na mwanazuoni Erasmus wa Rotterdam.

Melanchthon alikuwa mwana wa mfua silaha, mwalimu wa Kigiriki Wittenberg. Dürer hakumvika chochote. Kichwa kiko wazi, nywele chache zinapeperuka, shati limefunguka shingoni, mshipa umesimama kwenye paji, na nyuma yake ni anga tupu. Nembo hakuna, kiti hakuna. Chini pameandikwa kwamba Dürer aliweza kuuchora uso wa Philipp aliye hai, bali mkono ule wenye elimu haukuweza kuichora akili yake.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema: tazama unyenyekevu! Nilipoirudia nikacheka. Anayesifiwa pale ni nani? Melanchthon anasifiwa kwa akili isiyochoreka, sawa. Lakini jina la kwanza kwenye shairi ni la Dürer, na mkono wake unaitwa mkono wenye elimu. Mkono! Katika Ulaya ile fundi wa mikono alikaa ngazi ya chini, pamoja na waseremala na wafua vyuma, na elimu ilikuwa ya wanaosoma Kilatini. Kuuita mkono msomi ni kuvuka mpaka. Ni Dürer huyuhuyu ambaye mwaka 1506, akiwa Venice, alimwandikia Pirckheimer kwamba huku mimi ni bwana, kwetu ni mdoezi. Hakuwahi kuchonga chapa ya uso wake mwenyewe. Alipanda juu ya nyuso za wenzake, kwa herufi mbili, A kubwa na D chini ya miguu yake, kwenye kila bamba.

Erasmus ndiye kisa kamili. Alizaliwa nje ya ndoa, baba yake padri. Nembo ya ukoo ya kuweka pembeni hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni vitabu, na alijua thamani ya uso ulioambatana na vitabu. Mwaka 1519 alitengenezewa medali na Quentin Metsys wa Antwerp. Mwaka uliofuata Dürer alipotembelea Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, alimchora, mchoro ukabaki haujakamilika, na Erasmus akawa anaandika kuukumbushia kupitia kwa Pirckheimer. Hatimaye chapa ikatoka, Dürer akiifanyia kazi kumbukumbu ya miaka sita nyuma.

Amesimama anaandika. Mkono mmoja umeshika kalamu, mwingine kidau cha wino. Mbele kabisa, karibu na sisi watazamaji, vimelazwa vitabu vinene, na pembeni kuna chombo cha maua. Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ukutani ni maandishi, yamewekwa kwenye fremu kana kwamba nayo ni picha. Kwa Kilatini yanasema hii ni sura ya Erasmus iliyochorwa na Albrecht Dürer kutoka kwa mtu aliye hai. Chini yake, kwa Kigiriki: iliyo bora zaidi, maandiko yake yataionyesha. Sentensi hiyohiyo ya Kigiriki imo kwenye medali ya Metsys. Kwa hiyo haikuwa ya Dürer. Ilikuwa ya mwenyewe, ameichagua, anaibeba kutoka picha hadi picha kama mgombea na kaulimbiu yake.

Tuipime hiyo sentensi. Inasema usiutazame uso wangu, nenda kasome. Mtu asiyetaka uso wake utazamwe kwa nini anahangaika miaka sita uchapwe? Na kwa nini Kigiriki? Wakati ule wasomao Kilatini Ulaya walikuwa wengi kiasi, wasomao Kigiriki wachache. Mwenye kusoma mstari wa mwisho anajiona ameingizwa chumba cha ndani. Asiyejua anabaki uani na ule wa Kilatini. Sura ya unyenyekevu, kazi ya uzio. Na siusemi ujanja wake kwa ubaya. Aliyezaliwa na nembo anaionyesha. Aliyezaliwa bila nembo afanyeje? Alisema hadhi yangu iko mahali msipoweza kuirithi, na mahali ambapo hata fundi mkubwa wa Nuremberg hafiki.

Mwenyewe hakuridhika na ufananaji. Alimwandikia Pirckheimer kwamba kama hakufanana si ajabu, maana yeye si yule wa miaka mitano nyuma. Kauli ya kistaarabu ya kusema "huyu si mimi". Ila mwaka 1528, katika kitabu chake juu ya matamshi, alimsifu Dürer kwamba vitu ambavyo wengine wanahitaji rangi kuvionyesha, yeye anavitoa kwa mistari myeusi peke yake. Dürer alikufa Aprili mwaka huohuo.

Niseme kidogo juu ya wale ambao sura yao iliamuliwa na wengine. Mwaka 1520 Lucas Cranach, mchoraji wa mtawala wa Saksonia, alimchonga Martin Luther, yule mtawa wa hoja 95, kwenye shaba. Ya kwanza ni kali: mtawa aliyekonda, mashavu yameingia ndani, kipara cha kitawa, macho ya mtu asiyelala. Nakala za wakati ule zilizobaki ni chache mno, na wataalamu wengi wanaamini kasri iliizuia. Cranach akachonga ya pili mwaka uleule. Amelainishwa, amewekwa ndani ya kishubaka cha ukuta kama mtakatifu, kitabu kiko wazi mbele yake, mkono uko kifuani kama anayejibu hoja kwa upole. Mtu mmoja, mwaka mmoja, fundi mmoja. Mtawala aliyemlinda hakutaka mkorofi. Alitaka mwalimu wa Maandiko. Ndiyo iliyonakiliwa kila upande. Mwaka 1521 Hans Baldung Grien wa Strasbourg akaongeza mwanga wa utakatifu kichwani na njiwa wa Roho juu yake, na mjumbe wa Papa, Aleander, akiandika kutoka Worms, analalamika kwamba watu wanazinunua na kuzibusu. Luther aliyepinga biashara ya vyeti akawa yeye mwenyewe karatasi inayobusiwa. Huo mzaha hakuuandika mtu chini ya picha.

Italia nako kulikuwa na Pietro Aretino, mwana wa fundi viatu, aliyeweka uso wake kwenye vitabu vyake na medali zake bila haya hata kidogo. Kwenye medali moja ameketi, wakuu wanamletea zawadi, na maandishi yanasema watawala wanaolipwa ushuru na watu, wao wanamlipa ushuru mtumishi wao. Mfalme Francis wa Ufaransa alimpelekea mkufu wa dhahabu wenye vidani vya umbo la ndimi, sijui kama ni heshima au kejeli, naye aliuvaa. Huyu simwongezei neno.

Andreas Vesalius, tabibu, kwenye kitabu chake cha maumbile ya mwili cha 1543, anatutazama akiwa ameshika mkono wa maiti uliochunwa mpaka mishipa. Ana miaka 28 na amevaa joho la thamani. Maprofesa wa udaktari walizoea kusoma kutoka kiti cha juu huku kinyozi akikata. Yeye anasema: nimekata mwenyewe. Kumbukeni mkono wenye elimu wa Dürer. Huu ni ndugu yake.

Na wanawake? Mwaka 1555 kulitoka chapa ya shaba ya Louise Labé, mshairi wa Lyon, kazi ya Pierre Woeiriot. Imeandikwa jina lake na mji wake, basi. Alikuwa binti wa msokota kamba na mke wa msokota kamba. Hakuna mhuri wa ukoo, hakuna Kigiriki. Kwa mwanamume, kutoa uso hadharani kulileta heshima. Kwake, kulikuwa na waliomwita malaya kwa maandishi. Hata malkia hakuwa salama. Uingereza mwaka 1563 iliandaliwa rasimu ya tangazo kwamba watu waache kumchora Elizabeth wapendavyo, wasubiri fundi stadi atoe sura moja iliyoidhinishwa, kisha wainakili hiyo. Mwenye dola nzima alikuwa anagombana na wachapaji wa mitaani.

Ya mwisho inatugusa sisi. Hans Burgkmair wa Augsburg, mwaka 1508, alichonga ubao wa Maximilian akiwa juu ya farasi, mavazi ya chuma kuanzia kichwa hadi miguu, manyoya ya tausi kwenye kofia, na cheo chake cha ukaisari kimeandikwa wazi. Zipo nakala zilizochapwa kwa ubao wa pili wa kivuli. Kazi ya fahari.

Mwaka huohuo 1508, fundi huyohuyo alichapa mfululizo mrefu wa karatasi za watu wa Afrika na Bahari ya Hindi. Hakuwahi kufika huku. Alitegemea habari za Balthasar Springer, mtumishi wa kampuni ya akina Welser ya Augsburg, aliyesafiri na jeshi la Wareno chini ya Francisco de Almeida. Mwaka wa safari hiyo mnaujua. Ni 1505, Julai Kilwa, Agosti Mombasa, na Mombasa iliporwa ikachomwa moto. Springer alikuwepo.

Kwenye karatasi hizo kuna wanaume, wanawake na watoto, wamechongwa kwa uangalifu: miili ina uzito, mtoto anashikilia mama. Kijerumani kilichoandikwa kinasema: Gennea, yaani Guinea. Allago, yaani kule kusini kabisa mwa Afrika. Arabia. India Kubwa. Mfalme wa Cochin, mji wa India, anayebebwa na watu wake, amepewa cheo bila jina. Wengine wamepewa mahali tu. Umri haupo, mstari wa Virgil haupo, hakuna "kutoka kwa mtu aliye hai". Kilwa na Mombasa hazikutajwa hata kwa jina la mahali, ingawa aliyeleta habari alipita kwenye moshi wake. Ni mtindo wa kitabu cha Schedel wa 1493, ubao mmoja kwa watu wengi, ukiendelea kutumika kwa watu wetu wakati Ulaya walishaanza kupeana kila mtu uso wake.

Nimezileta nakala zote nilizozitaja, ziko kwenye meza ile ndefu pale nyuma, nimezipanga kwa miaka. Mbili za 1508 nimezilaza pamoja, farasi upande mmoja na familia ya Allago upande wa pili. Maandishi ya chini nimeyatafsiri kwenye vikaratasi pembeni, ila msisome kwanza. Tazameni, kisha someni. Chai na sambusa ziko mlangoni, na tafadhali, mkishakula, mikono ioshwe kabla ya kugusa.